Ukuta, Lango na Mashua

Katika Matendo ya Mitume 21:7, Luka anatumia mstari mmoja tu kutueleza habari za Mtume Paulo katika mji wa Tolemai. Paulo na wenzake walitoka Tiro kwa merikebu, wakafika Tolemai, wakawasalimu ndugu waliokuwako, wakakaa nao siku moja. Kesho yake wakaenda Kaisaria, na kutoka hapo wakapanda kwenda Yerusalemu, ambako minyororo ilikuwa ikimngoja Paulo. Luka hatuambii majina ya ndugu hao, wala walikula nini pamoja, wala waliomba nini usiku ule. Tunachojua ni kwamba injili ilikuwa imekwisha kufika mjini humo, na kwamba palikuwa na nyumba iliyofungua mlango kwa wageni.

Mji huo upo hata leo. Wayahudi huuita Akko, Waarabu huuita Akka, na vitabu vya historia vya Ulaya huuita Acre. Uko kwenye rasi ndogo, kaskazini mwa ghuba ya Haifa, umezungukwa na bahari na ukuta mnene wa mawe. Mahujaji wanaokwenda Nchi Takatifu, wakiisha kufika Bethlehemu, Yerusalemu na Galilaya, mara nyingine hupelekwa huko mwishoni, kabla ya kurudi uwanja wa ndege. Ndivyo ilivyokuwa kwa kundi nililosafiri nalo. Wakati huo miguu imechoka, mabegi yamejaa chupa za maji ya Yordani na misalaba ya mti wa mzeituni, na moyo unaona kwamba umekwisha kupata ulichofuata. Kwa wengi Akko ni mahali pa kupigia picha baharini na kula samaki.

Hata hivyo naamini Mkristo anapaswa kuutazama mji huu kwa makini zaidi. Bethlehemu inatuuliza kama tunamwamini Mtoto aliyezaliwa. Akko inatuuliza swali jingine, nalo ni gumu: tukiisha kuamini, imani yetu tunailinda kwa nini? Na kile tunachokilinda kwa ukuta, ni imani kweli?

Mawe juu ya mawe

Ukuta anaouona mgeni leo si wa zamani sana. Ulijengwa na watawala wa enzi ya Waturuki wa Osmani katika karne ya 18, ukaongezwa nguvu baada ya mwaka 1799, ambapo Napoleon aliuzingira mji kwa miezi miwili akaondoka mikono mitupu. Chini ya mji huo kuna mji mwingine. Ukishuka ngazi unakuta kumbi kubwa za mawe, zenye nguzo nene na dari za matao, zilizojengwa na Wakristo kutoka Ulaya wakati wa Vita vya Msalaba. Wenye kumbi hizo walikuwa watu wa Shirika la Mtakatifu Yohana, lililoanza kwa kuwahudumia mahujaji wagonjwa huko Yerusalemu. Baadaye watu wale wale waliofunga vidonda walishika pia upanga. Kumbi zao zilikuja kufukiwa, ngome ikajengwa juu yake, na ngome hiyo ikatumika kuwa gereza. Ni wachimbaji wa mambo ya kale waliozifungua tena.

Upande wa magharibi ndiko ilikokuwa ngome ya shirika jingine la kivita la Wakristo, Watempla. Mwaka 1994 iligunduliwa njia yao ya chini kwa chini, yenye urefu wa mita 350 hivi, ikitoka upande wa ngome yao kuelekea bandarini. Siku hizi wageni hupita humo wakiwa wameinama. Mama mmoja mzee katika kundi letu alisimama katikati ya njia ile, akaushika ukuta uliolowa maji, akasema, “Wamejenga ukuta mnene vile juu, halafu wakachimba njia ya kupita chini. Sasa hawa, walikuwa wanamtumaini nani?”

Kiongozi wetu alitabasamu akaendelea na maelezo yake. Lakini swali la mama yule ndilo hasa nililorudi nalo nyumbani, na ndilo ninalotaka tulitafakari hapa.

Waliouawa uwandani

Mwaka 1189 majeshi ya Wakristo yaliuzingira mji huu, ambao miaka miwili kabla yake ulikuwa umechukuliwa na Sultani Salahuddin. Walikaa nje ya ukuta karibu miaka miwili. Njaa na magonjwa viliua watu wengi, na Julai 1191 mji ukasalimu amri. Makubaliano yalikuwa kwamba mateka Waislamu wangeachiwa kwa fidia. Fidia ilipochelewa, Mfalme Richard wa Uingereza, yule ambaye vitabu humsifu kuwa na moyo wa simba, aliamuru mateka wapatao 2,700 watolewe uwandani nje ya mji, wamefungwa kamba, wauawe. Ilikuwa Agosti 1191. Salahuddin naye akalipiza kisasi kwa kuwaua mateka Wakristo aliokuwa nao.

Mfalme Richard alivaa msalaba kifuani. Wengi wa askari wake walikuwa wameungama na kupokea Meza ya Bwana. Nina hakika wapo kati yao waliomwomba Mungu kwa machozi ya kweli. Hapo ndipo swali linapouma, kwa maana tungependa kusema kwamba waliofanya hayo hawakuwa Wakristo hata kidogo, tukaishia hapo. Ingekuwa rahisi. Lakini walikiri imani ile ile tunayoikiri sisi kila Jumapili. Jambo moja lilikuwa limegeuka ndani yao: walikuwa wamekwisha kuamini kwamba Yesu anahitaji mji, kwamba mji unahitaji ukuta, na kwamba ukuta unahitaji damu. Mtu akiikubali hatua ya kwanza, ya pili haiko mbali, na ya tatu huja bila kubisha hodi.

Wala tusidhani kwamba habari hizi ni za mbali na pwani yetu. Mombasa ipo ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakaipa jina la Yesu, wakaweka mizinga juu ya kuta zake. Ilizingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani, Wareno na Waswahili wa upande wao, wengi waliisha kwa njaa na maradhi. Ukuta ulibaki umesimama. Jina lilibaki limeandikwa. Jina la Yesu likiandikwa juu ya mzinga, anayelisoma kutoka upande wa mdomo wa mzinga anajifunza nini juu ya Yesu? Hilo nalo ni fundisho la dini. Jirani zetu wengi walilipata fundisho hilo kabla hawajafundishwa jambo jingine lolote juu ya Mwokozi wetu.

Merikebu na mashua

Miaka 100 baada ya mauaji yale, zamu iligeuka. Mwaka 1291 Sultani Khalil wa Misri alifika na jeshi kubwa. Mji sasa ulikuwa na kuta mbili, moja nje ya nyingine, na minara mirefu. Hazikusaidia. Walichimba chini ya misingi, minara ikaanguka, na tarehe 18 Mei wakaingia mjini. Watu wakakimbilia bandarini, wanawake, watoto, wazee na matajiri wenye masanduku. Merikebu hazikutosha.

Waandishi wa zama zile wametuachia habari za watu wawili waliokuwa na chombo majini siku hiyo. Wa kwanza ni Roger de Flor, mkuu wa merikebu ya Watempla, ambaye alilaumiwa kwamba alijitajirisha kwa kuwatoza watu waliokimbia, hasa wanawake wa nyumba za kitajiri waliolipa kwa vito vyao. Wa pili ni Patriarki Nicholas wa Hanapes, mzee, mkuu wa kanisa mjini humo. Inasimuliwa kwamba aliingizwa katika mashua ndogo ili apelekwe merikebuni. Watu wakaogelea kuifuata, wakanyosha mikono, naye hakuweza kumkatalia hata mmoja. Akawapokea, akawapokea, mpaka mashua ikazidiwa na uzito ikazama, naye akafa pamoja nao.

Ndugu msomaji, usiipite habari hii haraka, maana si rahisi kama inavyoonekana. Mtu mwenye busara atauliza: Patriarki alifanya vema gani? Kama angeweka mpaka, akasema kumi wanatosha, hao kumi wangepona. Rehema yake imewazamisha hata wale waliokuwa wamekwisha kuokolewa. Je, upendo usiohesabu si namna nyingine ya uzembe?

Naliheshimu swali hilo. Kila mzee wa kanisa anayesimamia mfuko wa matendo ya huruma analijua. Fedha zina mwisho. Chakula kina mwisho. Mama mwenye ugali wa kulisha watoto wanne hawezi kulisha mtaa mzima, na Mungu hamdai asilonalo. Mashua ilikuwa ya mbao, na mbao zina kipimo chake. Sitasema kwamba mkuu wa chombo anayehesabu watu wake ametenda dhambi.

Lakini tazameni tofauti ya hawa wawili. Mwenye merikebu kubwa alihesabu alichopata. Mwenye mashua ndogo hakuona mzigo, aliona watu. Huenda alikosea hesabu. Hakukosea kuwatambua waliokuwa majini. Nami naogopa zaidi kosa la yule mwingine, kwa sababu ndilo tulilo tayari kulifanya na kuliita busara. Mara nyingi tunaposema “hapa pamejaa”, mbao bado zingeweza kubeba. Kilichojaa ni moyo.

Nehemia naye alijenga

Mtu atasema, “Mwalimu, unazungumza kana kwamba ukuta ni dhambi. Mbona Nehemia alijenga ukuta, na Biblia inamsifu?” Ni kweli. Nehemia aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia, akafunga, akaomba, kisha akaenda akazijenga, na kazi ikamalizika kwa siku 52 (Nehemia 6:15). Mithali 25:28 inamfananisha mtu asiyeitawala roho yake na mji uliobomolewa usio na ukuta. Yapo makanisa yaliyochomwa moto. Zipo nyumba za wajane zilizovunjwa usiku. Anayepanda michongoma kuzunguka nyumba yake, au kumwajiri mlinzi, au kuweka kufuli kwenye ofisi ya usharika, hajamkana Kristo.

Lakini someni Nehemia kwa utaratibu mtaona mambo mawili. La kwanza, katikati ya ujenzi, sura ya 5, Nehemia alisimamisha kila kitu kwa sababu maskini walikuwa wakilia. Ndugu zao matajiri, walio ndani ya ukuta huo huo, walikuwa wakiwatoza riba, na kuchukua mashamba yao, na watoto wao kuwa watumwa. Nehemia alijua kwamba ukuta unaomzuia adui wa nje huku ukimficha mnyonyaji wa ndani ni kazi bure. La pili, sura ya 3, inayoorodhesha wajenzi, haitaji mawe peke yake. Inataja malango, moja baada ya jingine: lango la kondoo, lango la samaki, lango la chemchemi. Mji wa watu wa Mungu ulijulikana kwa malango yake.

Jambo hilo linarudi mwishoni kabisa mwa Biblia. Yohana alipoonyeshwa Yerusalemu mpya, aliuona una ukuta mkubwa na mrefu. Mimi nilishangaa nilipoligundua hilo, maana mbinguni hakuna adui. Lakini una malango kumi na mawili, matatu kila upande, na malango hayo hayafungwi kamwe (Ufunuo 21:12–13, 25). Ukuta wa namna gani huo, wenye malango yaliyo wazi mchana wote, wala usiku hauko? Nadhani ni ukuta unaoonyesha kwamba hapa ni mahali fulani, kwamba kuingia humo ni kuingia kweli. Nyumba isiyo na kuta haiwezi kumkaribisha mgeni, kwa kuwa hakuna ndani. Kanisa lina mafundisho yake, lina ubatizo wake, lina maadili yake, nayo ni kuta za haki. Kinachoonyesha ni za nani ni lango lake.

Paulo aliingia Tolemai kwa lango. Karibu miaka 1,200 baadaye, Fransisko wa Assisi alipita mji huo huo mwaka 1219, majeshi ya msalaba yakiwa vitani. Kutoka hapo alikwenda Misri, akavuka mpaka wa majeshi bila silaha, akazungumza na Sultani Al-Kamil, akarudi salama. Hakumbatiza Sultani wala hakuvisimamisha vita. Lakini hata leo, Wakristo na Waislamu wanaotaka kuzungumza kwa heshima hulitaja jina lake, na hakuna anayemtaja Mfalme Richard kwa ajili hiyo.

Kuta za usharika wetu

Tunaporudi kutoka safari kama hii, tunarudi na picha za kuta za wengine. Zetu hatuzipigi picha kwa sababu tumezizoea.

Tuchukue mfano mmoja tunaoujua sote. Binti wa kwaya anapata mimba kabla ya ndoa. Anatengwa. Anakaa miezi mingi bila kushiriki Meza ya Bwana, na mtoto wake anangojea ubatizo mpaka mama asimame mbele ya usharika na kurudi kundini. Kijana aliyempa mimba, kama hakutajwa, anaendelea kuimba besi katika kwaya ile ile. Tunasema tunalinda utakatifu wa kanisa. Nidhamu ya kanisa ni jambo jema, nami sisemi iondolewe. Nauliza tu swali la mama yule wa kwenye njia ya chini: hapa tunamtumaini nani? Ukuta unaomzuia binti mwenye mtoto mgongoni, na kuacha njia ya chini kwa chini apite kijana, haulindi utakatifu. Unalinda sura yetu mbele ya watu.

Au mfikirie mgeni wa kabila jingine aliyehamia kijijini, ambaye kwa miaka mitano ameketi benchi la nyuma na hakuna aliyewahi kumwomba asome somo. Au jirani Mwislamu anayekuja msibani kwetu, akabeba maji na kuchimba kaburi pamoja nasi, halafu katika mahubiri ya mazishi yale yale akasikia dini yake ikidhihakiwa. Hatujaweka mzinga juu ya ukuta. Tumetumia kipaza sauti.

Itagharimu kufungua. Nisiwadanganye kwa kusema kwamba kila anayefungua lango hubarikiwa papo hapo. Paulo aliyelala Tolemai usiku mmoja alikwenda kukamatwa. Patriarki alizama. Wapo waliowapokea wageni wakaibiwa, wapo waliosamehe wakasalitiwa tena. Imani isiyojificha inaweza kupigwa. Hata hivyo, ile iliyojificha ndani ya Akko ilianguka pia, mara moja, mara mbili, na kila mara waliokuwa nje ya ukuta ndio waliolipa kwanza.

Waraka kwa Waebrania 13:12–14 unatukumbusha kwamba Yesu aliteswa nje ya lango, nao unatuita tutoke tumwendee huko, tukichukua aibu yake, kwa kuwa hapa duniani hatuna mji unaodumu. Hilo ndilo jibu ninaloweza kulitoa. Tukitaka kujua kama ukuta fulani tuliojenga unamlinda Yesu, tuangalie kwanza yeye yuko upande gani. Akiwa yuko nje pamoja na waliofungiwa, basi hakuna tunachomlindia ndani, na kazi iliyobaki ni kutafuta ufunguo wa lango.

Jumapili ijayo, kabla ya kengele ya pili, tazama ni nani anasimama karibu na mlango wa kanisa bila kuingia. Mwendee. Muulize jina lake, kisha mketi pamoja.